Mapumziko ya Ziwani pamoja na Watoto Wachanga

Kila mwezi wa Desemba mabasi yatokayo Dar es Salaam na Mwanza huingia Bukoba yamejaa watu warudio kwao kwa sikukuu ya Kuzaliwa, na nyumba nyingi za Nshambya hupata wageni. Tena siku hizi wako vijana wenye desturi nyingine. Jamaa mbili tatu, waliopatana tangu shuleni, hukodi nyumba moja karibu na ziwa, wakakaa humo siku nne au tano pamoja na watoto wao wachanga, ndipo huenda kwa wazee vijijini. Wazee wengine hunung'unika, wakisema, "Mtu mwenye kwao hulalaje katika nyumba ya kukodi?" Mimi siwalaumu vijana hao. Lakini ninalo neno kwao, maana kupumzika pamoja na watoto wachanga ni kazi yenye akili yake.

Ziwa letu la Nyanza, ambalo Wahaya huliita Lweru, lina eneo la kilometa za mraba zipatazo 68,800, na uso wake u juu ya bahari kwa meta 1,134 hivi. Kwa sababu ya urefu huo, na kwa kuwa tu karibu na ikweta, jua ni kali hata upepo ukiwa wa baridi. Mama haoni joto, kumbe ngozi ya mtoto yaungua. Usiku upepo wa nchi kavu huelekea ziwani kutoka pande zote, mawingu yakajikusanya juu ya maji, na pepo za mashariki huyasukuma kwetu kabla ya mapambazuko. Ndiyo sababu upande huu wa magharibi hupata mvua nyingi, na ngurumo za asubuhi. Mwenye nepi za kukausha asizilaze nje.

Habari ya kichocho imesemwa mara nyingi, nami nitaisema tena. Katika maji yaliyotulia penye majani hukaa konokono wadogo, na ndani yao hutoka vijidudu visivyoonekana kwa macho, navyo hupenya ngozi ya mtu kwa dakika chache tu. Watu wengi hudhani kwamba mtoto asiyeweza kuogelea yu salama. Sivyo, mama akichota maji ya ziwa beseni moja akamwogesha, yatosha. Kwa miaka mingi dawa iligawiwa hasa kwa wanafunzi, na wadogo wakasahauliwa, hata mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipotoa shauri kwamba mahali penye ugonjwa huo wapewe pia watoto tangu umri wa miaka 2. Basi maji ya kuogeshea mtoto na yachemshwe, kisha yapoe. Au yakae siku mbili katika pipa lililofunikwa. Na mtoto aliye chini ya miezi 6, anyonyaye maziwa ya mama, hahitaji maji ya kunywa hata kidogo. Chandarua msikisahau.

Sasa nifikie neno lenyewe. Nyumba yenye watu wazima wanane na watoto watano yaonekana kuwa salama kuliko nyumba ya mama mmoja peke yake. Kwa kweli yaweza kuwa na hatari zaidi. Baba yule adhani mtoto yuko kwa mama. Mama adhani yuko kwa shangazi. Shangazi amemwona rafiki amembeba, naye rafiki amemweka chini ili ageuze samaki motoni. Mtoto aliyeanza kutambaa hahitaji ziwa ili azame. Beseni la kufulia lamtosha. Wala hapigi kelele. Watu husikiliza kilio, na kilio hakiji.

Shauri langu ni jepesi. Kila saa awepo mtu mmoja aliyetajwa kwa jina kuwa mlinzi, asipike, asishike simu, asinywe pombe, wala asiondoke mpaka mwingine amwambie kwa kinywa, "Sasa ni zamu yangu." Na zamu hizo na ziwe za wanaume pia.

Hapa ndipo penye shida. Katika Buhaya wazee husimulia kwamba zamani wanawake waliokota senene, wakawanyonyoa mabawa na kuwakaanga, lakini kula hawakula. Chakula hicho kilikuwa cha waume. Leo mwiko huo umelegea, nami nafurahi. Lakini angalieni nyumba nyingi za mapumziko: mama huamka usiku kunyonyesha, asubuhi humenya ndizi, mchana hufua, jioni akawapigia picha wenzake waliopumzika. Mlinzi aliyechoka hivyo husinzia. Kwa hiyo kugawana kazi si adabu tu, ni ulinzi wa mtoto.

Kuhusu mashua za kwenda kisiwa cha Musira, kinachoonekana mbele ya mji, naona ni vema wenye watoto wachanga wakitazame toka ukingoni. Jaketi la kuokolea lenye kumfaa mtoto wa miezi michache si rahisi kupatikana, na upepo wa ziwa hubadilika upesi. Watu wa Bukoba hawahitaji kufundishwa jambo hili. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, wakafa mamia ya watu, na majirani zetu wengi wangali na majina ya kuwakumbuka.

Mwaka jana nilizuru nyumba moja ya namna hiyo. Juu ya mlango wa jikoni walikuwa wamebandika karatasi ya zamu, na majina ya akina baba yalikuwamo. Ndizi za baba mmoja ziliungua chini, tukazila hivyo hivyo na maharage. Akina mama wawili walilala mchana saa tatu nzima, jambo ambalo, walivyosema wenyewe, halikuwapata tangu kujifungua. Alfajiri yake ngurumo zilisikika kutoka ziwani, na aliyetoka mbio kuanua nepi alikuwa yule baba wa ndizi, amevaa shuka.