Sotoka, Nyumbu na Mtihani wa Ikolojia

Wanafunzi wengi wa sekondari hujiandaa kwa mtihani wa ikolojia kwa kukariri fasili: jumuiya, makazi, mzalishaji, mlaji, mwozeshaji. Zijue, lakini zisikumalize. Maswali yenye maksi nyingi huanza na "eleza", na karibu yote yanataka jambo moja: kitu fulani kikibadilika, nini kingine kitabadilika, na kwa njia gani? Hapo kukariri hakusaidii. Chukua kisa kimoja cha kweli ukijue nje ndani. Mimi huwapa wanafunzi nyumbu wa Serengeti.

Sotoka, ugonjwa wa virusi wa ng'ombe na jamaa zao wa porini, iliingia Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19, ikafyeka ng'ombe, nyati na nyumbu. Mwaka 1961 nyumbu wa Serengeti walikadiriwa kuwa 250,000 hivi. Kufikia 1977 walikuwa takriban milioni 1.3. Nyumbu hawakuchanjwa. Waliochanjwa ni ng'ombe wa wafugaji wanaoizunguka hifadhi. Virusi vilikuwa vikidumu kwa ng'ombe, kisha vinawapata nyumbu, hasa ndama walioishiwa kinga waliyoipata kwa mama zao. Chanjo ilipoikata njia hiyo, ndama wakawa wanakua.

Endelea sasa hatua kwa hatua. Nyumbu walipozidi, nyasi zililiwa. Nyasi zilipopungua, moto wa kiangazi ukakosa cha kuunguza. Moto ulipopungua, miche ikapata nafasi ya kuwa miti. Simba na fisi nao wakaongezeka kwa kuwa mawindo yalikuwa tele. Kwa maneno mengine, sindano ya ng'ombe ilirudisha miti Serengeti, na mtahiniwa anayeweza kuitetea kauli hiyo bila kuruka hatua ameshaielewa mada.

Nyumbu hawakuongezeka bila kikomo. Kiangazi malisho hayatoshi wote, wanyonge hufa, na grafu iliyokuwa inapanda hulala. Ukiandika tu "idadi iliongezeka kisha ikatulia", umesoma grafu, hujaieleza. Taja kilichoizuia: chakula cha kiangazi. (Mtihani wenyewe ni wa Kiingereza kwa wengi wetu, lakini kisa hiki msimulie kwanza mdogo wako kwa Kiswahili. Utakapoanza kubabaika, hapo ndipo hujaelewa.)

Maksi nyingine hupotea kwa uzembe. Mshale wa mnyororo wa chakula huelekea kwa anayekula, kwa sababu unaonyesha nishati inakokwenda: nyasi → nyumbu → simba. Wapo wanaougeuza, eti simba ndiye anayemfuata nyumbu. Tena, kwa makadirio ya vitabuni, ni asilimia 10 hivi tu ya nishati inayofika ngazi ya juu. Kilojuli 10,000 za nyasi humpa nyumbu 1,000, na simba 100. Zilizobaki hupotea kama joto la upumuaji, kinyesi na sehemu zisizoliwa; usiandike "zinapotea" ukaishia hapo.

Hesabu ya kukadiria idadi kwa kuweka alama ni rahisi. Ukinasa samaki 40 bwawani, ukawawekea alama na kuwaachia, kisha ukanasa 50 na kukuta 10 wana alama, bwawa lina samaki 40 × 50 ÷ 10, yaani 200. Swali linalofuata ndilo gumu: kadirio hilo linategemea nini? Kwamba wenye alama walichanganyika na wenzao, alama hazikutoka wala kuwadhuru, na katikati hapakuwa na samaki wengi waliozaliwa, kufa, kuingia au kutoka.

Ukiwamaliza nyumbu, jipime kwa Ziwa Victoria. Sangara walipandikizwa humo miaka ya 1950, wakafumuka miaka ya 1980, na aina nyingi za furu zikatoweka. Sangara mkubwa ana mafuta, hakaushiki vizuri juani, kwa hiyo hubanikwa kwa moshi. Anzia hapo, ueleze jinsi samaki anavyoweza kumaliza miti ya nchi kavu.