Senene wa Karatasi

Novemba, senene, wale panzi wa kuliwa, wanapomiminika kwenye taa za Bukoba mjini, mtoto wa miezi 9 bado hana miguu ya kuwakimbiza pamoja na dada zake. Mwekee basi kitabu chenye picha iliyopigwa kwa karibu ya senene wa kijani, miguu yote ikionekana. Atamkwangua kwa kucha. Atajaribu kumbandua kwenye karatasi, na akishindwa atautia ukurasa mdomoni. Mama atacheka, bibi atasema kitabu kinaharibiwa bure, mtoto mwenyewe hajui kitu.

Bibi ana haki ya kuionea uchungu karatasi, ila mtoto yuko kazini. Mwaka 1998 Judy DeLoache na wenzake walieleza kwamba watoto wa miezi 9 nchini Marekani walijaribu kuvishika vitu walivyoviona pichani, na watoto wa umri huo kule Kodivaa, waliokulia mahali ambapo vitabu vya picha ni adimu, walifanya vivyo hivyo. Watoto wa miezi 19 waliopimwa Marekani walikuwa wameacha kukwangua. Walinyoosha kidole. Hapo katikati mtoto hujifunza jambo ambalo sisi wakubwa tumesahau kwamba tuliwahi kujifunza: ndizi ya pichani hailiki, lakini ina jina la ndizi.

Ndiyo maana kitabu cha mtoto mchanga huchaguliwa kwa picha kwanza. DeLoache na watafiti wengine waliona baadaye kwamba watoto wa karibu mwaka mmoja na nusu hushika jina jipya vizuri zaidi kutoka kwenye picha halisi kuliko kwenye katuni. Na vile vitabu vya bei mbaya, vyenye vipande vya kuvuta na kufunua? Mikono hushughulika mno, jina likapita bila kusikika. Mzazi wa Muleba asiyeweza kuvinunua hajapoteza kitu.

Picha ya nini, sasa? Chati za alfabeti ya Kiingereza huanza na tufaha, tunda ambalo mtoto wa Kamachumu anaweza kumaliza chekechea hajalionja. Sina ugomvi na tufaha. Mtoto ana haki ya kujua yaliyo mbali. Tatizo liko kwa yule aliyempakata. Mbele ya tufaha bibi atasema "tufaha", basi, ukurasa ufunuliwe. Mbele ya mgomba hanyamazi: huu ni wa kupika au wa pombe, mkungu wake umekomaa au bado, nani aliupanda pale nyuma ya nyumba, mwaka ule upepo ulipoangusha nusu ya migomba ya kibanja. Kila sentensi ina maneno ambayo mtoto hatayapata kwenye chati. Mimi kitabu hukipima hivyo: namtazama mkubwa anavyofunguka mdomo.

Na mkubwa huyo si lazima awe amesoma. Katika vijiji vya Kenya, Heather Knauer na wenzake waliwapa wazazi vitabu vya hadithi vyenye mazingira na lugha wanazozijua, kisha baadhi yao wakafundishwa kuzungumza na mtoto juu ya picha: kumuuliza, kufuata anachokionyesha, kumwongezea neno. Watoto walikuwa na umri wa kuanzia miaka 2 hadi karibu 7. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba pale wazazi walipofundishwa, watoto walitaja maneno mengi zaidi ya vitabuni, na watoto wa wazazi wasiojua kusoma walinufaika angalau sawa na wenzao. Kwa hiyo bibi akiisimulia picha kwa Kihaya na mama akairudia jioni kwa Kiswahili, kitabu kimesomwa mara mbili.

Kama dukani hakuna kinachofaa, simu ya nyumbani inatosha kuanzia. Piga picha kumi: mgomba, kahawa iliyoanikwa kwenye mkeka, mtumbwi, dagaa, ng'ombe mwenye pembe ndefu, babu akicheka. Zisafishwe studio, zifunikwe plastiki nzito kwa sababu ya yale mate, zishonwe kwa uzi. Mtoto wa miezi michache umsogezee kitabu karibu.

Kitabu kimoja kisikutie aibu. Mwaka 2011 Jessica Horst na wenzake, huko Uingereza, waliwasomea watoto wa miaka 3 hadithi zenye maneno mapya. Waliorudiwa hadithi zilezile waliyakumbuka maneno vizuri zaidi kuliko waliosomewa hadithi tofauti kila mara, ingawa maneno yenyewe waliyasikia mara sawa. Mkubwa ndiye anayechoka kwanza. Akichoka, huruka ukurasa wa ng'ombe, akidhani mtoto amesinzia, na kile kidole kidogo kinarudi kuufunua.