Msingi wa Nyumba Katika Ardhi Itetemekayo

Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, ambalo ukubwa wake ulikuwa 5.9, liliwaacha wakazi wengi wa mkoa wa Kagera na nyumba zilizosimama bado, lakini ambazo mwenyewe hawezi kulala ndani yake kwa utulivu wa nafsi. Ufa mwembamba uliomo katika lipu peke yake si jambo la kutia hofu. Bali ule upandao mshazari kwa kufuata viungo vya matofali mithili ya ngazi, hasa ukiambatana na mlango usiofungika na sakafu iliyoachana na ukuta, ni dalili ya kwamba msingi umetitia upande mmoja. Ili kupata yakini, paka kiraka chembamba cha saruji juu ya ufa, uandike tarehe: kikipasuka baada ya majuma kadhaa, nyumba ingali inakwenda.

Wengi hukimbilia kuziba nyufa, na hiyo, kwa rai yangu, ni kuificha kasoro tu. Aghalabu adui wa kwanza ni maji ya mvua yamwagikayo kutoka paani na kuufukua udongo. Basi yaondolewe kwanza kwa mfereji. Ndipo fundi achimbe chini ya msingi kwa vipande vifupi visivyopakana, kila kimoja takriban mita 1, akijaza zege na kuliacha lishike kabla ya kuhamia kingine, maana kuufukua ukuta mzima kwa mara moja ni kuuangusha. Ukuta nao wahitaji mkanda wa zege lenye nondo, uzungukao nyumba nzima bila kukatika, kwani tofali hustahimili uzito lakini halistahimili kuvutwa. Ikiwa ufa wapitisha kidole, hama kwanza, kisha mwite mhandisi.