Rufaa ya Muhimbili: ndege saa moja na nusu, safari nusu siku

Mzazi wa Tukuyu, mtoto akipewa rufaa kwenda Muhimbili, usihesabu muda wa angani peke yake. Kutoka Uwanja wa Ndege wa Songwe hadi Dar es Salaam ndege hutumia takribani saa moja na nusu. Kwa basi ni zaidi ya kilomita 800, na siku nzima huishia barabarani.

Lakini Songwe iko upande wa pili wa Jiji la Mbeya. Utapita Kiwira, Uyole, katikati ya jiji, kisha Mbalizi yenye foleni za malori. Tenga saa mbili na nusu, na ufike uwanjani saa mbili kabla ya ndege kuruka.

Kabla ya kukata tiketi, muulize daktari kama mtoto anaruhusiwa kupanda ndege. Angani, hewa ndani ya ndege mara nyingi huwa nyepesi kuliko ya Tukuyu. Mwenye tatizo la moyo, mapafu au upungufu mkubwa wa damu anaweza kuhitaji oksijeni, na shirika la ndege lijulishwe mapema.

Ndege ikianza kushuka, mnyonyeshe mtoto au mpe maji anywe. Kumeza hupunguza maumivu ya masikio.