Kabla ya Kulipia Tathmini ya Ujuzi: Hesabu ya Mhudumu wa Jamii wa Keumbu

Kama uko Keumbu na diploma yako ya maendeleo ya jamii, na umesikia kwamba Australia inachukua wahudumu wa jamii, usimlipe ajenti na usilipie tathmini ya ujuzi mwezi huu. Lipia mtihani wa Kiingereza kwanza. Matokeo yake ndiyo yatakayokuonyesha kama kuna haja ya kutoa shilingi nyingine.

Tathmini ya ujuzi hufanywa na chama cha kitaaluma cha nchi unayoitaka. Hupima masomo yako na kazi uliyofanya, kisha husema kama vinalingana na vya kwao. Kwa Australia, mhudumu wa jamii hupitia Australian Community Workers Association, yaani ACWA. Afisa wa ustawi wa jamii mwenye digrii hupitia chama kingine, AASW. Hatua hii hairukwi, lakini barua ya tathmini si visa wala si kazi. Ada hulipwa kwa dola, na ukikataliwa usitarajie kurudishiwa.

Sasa tupige hesabu. Australia hutoa visa za wenye ujuzi kwa alama, na kiwango cha chini ni 65. Tuseme una miaka 30, hujaolewa au hujaoa, una diploma, na umefanya kazi ya mshahara katika fani hiyo miaka mitatu. Umri unakupa alama 30, diploma 10, kazi 5, na kutokuwa na mwenzi 10. Jumla ni 55. Ukipata 7 katika kila sehemu ya IELTS, yaani mtihani wa Kiingereza, unaongezewa 10 na kufika 65. Ukipata 6, huongezewi kitu.

Kazi hii haina visa ya kujitegemea ya 189. Ni lazima jimbo likuteue: kwa visa ya 190 unapata alama 5 zaidi, kwa ile ya mikoani ya 491 unapata 15. Hata hivyo 65 inakuingiza kwenye foleni tu, kwa sababu majimbo huchagua wanaowataka. Ukifika umri wa miaka 45, mlango umefungwa.

IELTS hapa Kenya inapita shilingi 30,000. Si pesa kidogo, lakini ukilinganisha na ada ya visa yenyewe, inayozidi dola 4,500 za Australia, yaani zaidi ya shilingi 380,000, ni afadhali kujua mapema. Kuwa mwangalifu na aina ya mtihani. Canada inataka General Training, AASW inataka Academic. Ukichagua usiofaa, utalipa mara ya pili.

Tatizo kubwa zaidi kwa watu wetu ni ushahidi wa kazi. Mwaka 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 nchi nzima, na wamo wengi Kisii na Nyamira. Wanatembea nyumba kwa nyumba, wanapima shinikizo la damu, wanafuatilia kina mama wajawazito. Malipo yao ni posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Kwa alama za Australia, kazi inayohesabiwa ni ya malipo na ya saa 20 au zaidi kwa wiki. Posho ya kujitolea ni ushahidi dhaifu, hata uwe umefanya miaka kumi. Inaniuma kuliandika hili, maana kazi yenyewe ni ya kweli na ni nzito. Lakini bora ulisikie hapa kabla hujalipa.

Waliofanya kazi kwenye mashirika madogo wana shida nyingine. Mradi wa wafadhili ukiisha, ofisi hufungwa, meneja huhamia kaunti nyingine, na simu haishikwi tena. Kwa hiyo barua ya kazi itafute leo. Iwe kwenye karatasi yenye nembo ya shirika, ioneshe tarehe ya kuanza na kumaliza, saa kwa wiki, mshahara, majukumu yako moja moja, na sahihi ya mtu anayeweza kupigiwa simu. Barua inayosema tu kwamba ulikuwa mfanyakazi mwenye bidii haitakusaidia. Iambatanishe na taarifa ya NSSF, fomu za P9 za kodi, na taarifa ya benki inayoonyesha mshahara ukiingia. Kama ulilipwa mkononi bila hata kimoja kati ya hivi, usilipie tathmini kwa kutumaini maelezo ya mdomo. Pitia pia chuo chako upate rekodi ya mafunzo ya nyanjani, iliyo na idadi ya saa.

Canada ni ya pili katika orodha yangu, na kwa wengine inaweza kuwa ya kwanza. Tangu 2025 wahudumu wa jamii wamo kwenye kundi la afya na huduma za jamii la Express Entry, mfumo wao wa kuchagua wahamiaji. Canada haihitaji chama cha taaluma kipime ujuzi wako katika hatua hii. Inataka ulinganisho wa masomo, unaogharimu takriban dola 250 za Canada, kama shilingi 23,000, na unaodumu miaka mitano. Ada ya ukaazi wa kudumu mwaka 2025 ilikuwa dola 1,525, karibu shilingi 142,000, chini sana ya Australia. Ugumu uko kwingine: kama huna ajira Canada, ni lazima uonyeshe akiba ya zaidi ya dola 15,000, takriban shilingi milioni 1.4, na iwe yako, si ya kuazima wiki moja. Tena katika duru za 2025 za kundi hili, alama zilizohitajika mara nyingi zilikuwa 470 kwenda juu.

Uingereza, kwa mwenye diploma, iache. Tarehe 22 Julai 2025 ilifunga njia ya kuajiri wahudumu wapya wa utunzaji kutoka ng'ambo, na siku hiyohiyo ikapandisha kiwango cha ujuzi hadi ngazi ya 6 ya mfumo wao. Hapa ndipo watu wanapoponzwa: ngazi ya 6 ya Kenya ni diploma, ngazi ya 6 ya Uingereza ni digrii. Anayekuambia cheti chako cha ngazi ya 6 kinatosha ama hajui, ama anakuibia.

Ujerumani ilitia saini mkataba wa ajira na Kenya Septemba 2024, na kadi yake ya kutafuta kazi ipo. Mwaka 2025 ilidai uonyeshe euro 1,091 kwa kila mwezi wa kukaa. Kwa mwaka ni karibu shilingi milioni mbili.

Kuna gharama ambazo matangazo hayazitaji. Pasipoti ya kurasa chache ni shilingi 7,500, na afueni ni kwamba inashughulikiwa Kisii mjini. Cheti cha maadili mema cha polisi ni 1,050, alama za vidole unachukuliwa Huduma Centre. Uchunguzi wa afya wa visa unakupeleka Nairobi, kwa hiyo weka nauli na malazi. KNEC hutoza kuthibitisha matokeo, wakili hutoza muhuri, benki hukata chake kwenye kubadilisha dola. Kwa Australia, mwenzi wako asiye na Kiingereza cha kutosha hutozwa ada ya ziada inayokaribia dola 4,900.

Kufungua maombi ya awali ya Australia au Canada ni bure. Ajenti anayekutoza kwa hilo anakuuzia kitu cha bure. Kama ni lazima umtumie mtu, tafuta jina lake kwenye rejista ya OMARA kwa Australia, CICC kwa Canada, au orodha ya mashirika yenye leseni ya NEA kwa kazi za ng'ambo. Unaweza kuzitazama ukiwa saiba, kwa dakika chache.

Mwenye shilingi 50,000 mkononi afanye mtihani na kukusanya barua za kazi, basi. Asipopata 7, arudie mtihani kabla ya kulipia kitu kingine chochote. Akipata 7 na ushahidi wa mshahara anao, ndipo alipie tathmini, na asichelewe kuitumia, maana kwa visa hizi barua hiyo hupitwa na wakati baada ya miaka mitatu. Hati ya shamba isipelekwe benki wala kwenye sako kabla ya mwaliko wa visa kufika.