Ushirikiano wa Marekani na Kanada katika Kuhifadhi Samoni

Samoni ni samaki anayehama. Huanguliwa mtoni, kwenye maji yasiyo na chumvi, kisha huteremka baharini na kukulia huko. Akikomaa, hurudi katika mto alikozaliwa ili kutaga mayai. Samoni wengi wa Bahari ya Pasifiki hufa baada ya kutaga.

Ukielewa mzunguko huu, utaelewa kwa nini nchi moja haiwezi kumhifadhi peke yake. Samoni aliyezaliwa Kanada huweza kuvuliwa akiwa katika maji ya Marekani, na wa Marekani vilevile huvuliwa Kanada. Upande mmoja ukivua kupita kiasi, mito ya jirani hukosa samaki wa kutaga. Isitoshe, hakuna nchi itakayokubali kugharimia utunzaji wa mito yake ikiwa mavuno yataishia kwa jirani.

Hatua muhimu za ushirikiano

(a) Mto Fraser: Mwaka 1913 na 1914, mawe yaliyotokana na ujenzi wa reli yaliangukia korongo la Hells Gate nchini Kanada, samoni wakashindwa kupanda mto. Nchi zote mbili zilipata hasara. Mkataba ulioanza kutumika mwaka 1937 uliwezesha tume ya pamoja kuchunguza tatizo hilo. Kufikia mwaka 1946, njia za kwanza za kupitishia samaki zilikuwa zimejengwa.

(b) Mkataba wa Samoni wa Pasifiki, 1985: Una misingi miwili. Kwanza, kuzuia uvuvi wa kupita kiasi. Pili, kila nchi ipate manufaa yanayolingana na samaki wanaozaliwa katika maji yake. Tume ya mkataba huu, yenye makao yake Vancouver, huzishauri serikali zote mbili kuhusu kanuni za uvuvi.

(c) Mgogoro na suluhisho: Katika miaka ya 1990, nchi hizo zilishindwa kuafikiana kuhusu mgao. Mwaka 1997, wavuvi wa Kanada waliizingira feri ya Alaska katika bandari ya Prince Rupert. Makubaliano ya mwaka 1999 yalitilia mkazo kanuni hii: samaki wakipungua, kiasi cha kuvua nacho kipungue.

(d) Mto Yukon: Mto huu huanzia Kanada na kupita Alaska. Aprili 2024, pande hizo mbili zilikubaliana kusimamisha uvuvi wa samoni aina ya chinook kwa miaka saba. Lengo ni samaki 71,000 wafike Kanada kila mwaka. Wanaoumia zaidi ni wenyeji asilia wa pande zote mbili, ambao chakula na mila zao hutegemea samaki huyu.

Zingatia

Mtahiniwa, usiishie kuandika "nchi zishirikiane". Eleza nani anapunguza uvuvi, nani ananufaika, na mgao unaamuliwaje. Taja pia mipaka ya mikataba: kupunguza uvuvi pekee hakuondoi mabwawa yanayoziba mito wala joto la maji linaloongezeka. Ukihitaji mfano wa karibu, tumia Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lililoundwa na Kenya, Uganda na Tanzania mwaka 1994.

Swali la marudio

Eleza kwa nini mgao wa haki ni sharti la uvuvi endelevu katika maji yanayotumiwa na nchi zaidi ya moja.