Likizo ya Mtoto Mwenye Usonji

Shule ikifungwa sisi wa bweni hushangilia, tukabeba matranka yetu mpaka stendi na kuisahau ratiba. Lakini nyumbani kwetu Kijenge, hapa Arusha mjini, yuko mtu ambaye likizo kwake si raha. Ni mdogo wangu wa miaka 9, naye ana usonji.

Usonji hauambukizi, wala si laana, wala hauletwi na malezi mabaya. Ni namna ubongo unavyokua tangu utotoni, hata mtoto akapata shida kuzungumza na kuchangamana na watu, na mara nyingi kelele, mwanga au nguo humsumbua kupita kiasi. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Marekani alieleza habari za watoto 11 wa namna hii, akaona jambo ambalo sisi twaliona kila siku: mtoto hutaka sana mambo yabaki vile vile. Basi fikiri. Shule humpa kengele, kiti chake, uji wa saa nne na mwalimu yule yule. Siku moja vyote huondolewa, kisha twamwambia afurahi! Tena huingia mgeni chumbani mwake, na mgeni mwenyewe ni mimi. Zamani nilidhani hanipendi.

Desemba iliyopita nilimchukua kwa kifodi mpaka soko la Tengeru, siku ya Jumamosi, bila kumwambia mapema. Kelele zilimshinda. Aliziba masikio, akalala chini katikati ya mafungu ya ndizi, akapiga mayowe. Mama mmoja akasema mtoto huyu anataka fimbo. Nakiri kwamba niliona aibu, nikamvuta mkono kwa nguvu, naye akazidi kulia. Siku 4 hakutoka nje. Krismasi sisi tulikwenda kwa Bibi, Mama akabaki naye nyumbani.

Likizo ya Juni tulianza mapema. Majuma mawili kabla ya kufunga, Mama alimwuliza mwalimu wake siku nzima ya darasani huendaje. Baba akabandika karatasi ukutani, kila siku na chumba chake, na katika kila chumba picha: nyumba ya Bibi, ziwa, na tranka siku ya mimi kufika. Kila jioni mdogo wangu alikata chumba kimoja kwa mkaa. Uji ulibaki saa nne. Mama huuza ndizi Kilombero na hawezi kuacha biashara mwezi mzima, kwa hiyo asubuhi ilikuwa zamu yangu, nami nilijisomea usiku.

Tengeru tulirudi, ila Jumanne, tukapita moja kwa moja mpaka Ziwa Duluti. Ziwa hilo limo ndani ya kreta ya zamani, na njia hulizunguka chini ya miti. Huko kuna kimya. Alitembea mbele yangu akihesabu miti kwa sauti, na mimi sikumharakisha.

Kwa Bibi, Nkoaranga, palikuwa na mambo mawili. Juni mteremko wa Meru una baridi na ukungu, naye hataki sweta kwa sababu humwasha. Tulimvika mashati mawili ya pamba yaliyochakaa. Pili, hali vyakula vilivyochanganywa. Bibi alinung'unika kwamba machalari bila nyama ndani si machalari, kisha akapika ndizi peke yake na nyama peke yake. Tulilala huko siku 3, sote watano.

Limebaki jambo moja. Kila likizo huisha kwa picha ya tranka likirudi shuleni, na mdogo wangu huingoja picha hiyo. Novemba nitamaliza mtihani wa kidato cha nne, na safari hii tranka halitarudi. Siku ya wageni Mama aliniuliza tuchore nini mahali pake. Bado hatujakubaliana.